Je, Wajua? Mbawakawa na Kipepeo, Kutoka Gwasi Hadi Thimlich

Asubuhi moja ya masika nilikuwa chini ya mlimau ulio nyuma ya jikoni kwa nyanya yangu, huko Ndhiwa. Juu ya jani palikuwa na kitu nilichodhani ni kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Nikakigusa kwa kijiti. Kikainua kichwa, kikachomoza pembe mbili laini, na harufu kali ikanipanda puani. Hatua tatu kutoka hapo, kwenye gogo la mwembe lililoachwa lioze, mbawakawa mweusi aliyekuwa akijikokota alianguka chali ghafla, miguu ameikunja, kimya kabisa.

"Dana, njoo uone, huyu amekufa," nikaita.

Nyanya hakuinuka kwenye kigoda chake. "Hajafa, mjukuu wangu. Anangoja uondoke."

Nikarudi nyuma, nikahesabu hadi mia moja. Nilipotazama tena, gogo lilikuwa tupu. Tangu siku hiyo sijaacha kuwafuatilia hawa wawili, wa kwenye jani na wa kwenye gogo, na safu ya leo ni yao.

Je, wajua kwamba kile "kinyesi cha ndege" kilikuwa kipepeo? Ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Utamkuta karibu kila mahali penye mlimau au mchungwa. Akiwa mchanga hujifananisha na kinyesi ili ndege asimtamani. Akinenepa huvua vazi hilo na kuvaa kijani cha jani. Zile pembe ni tezi ya harufu iliyofichwa nyuma ya kichwa chake, naye huitoa pale tu anapoguswa. Watu wengi hukimbilia dawa wanapomwona. Kwenye mche mdogo ni sawa kumwondoa kwa mkono, lakini mlimau uliokomaa hauuawi na viwavi kumi.

Na je, wajua kwamba Kiswahili kina jina la yule mbawakawa wa gogoni? Ni kifaurongo. Jina lenyewe linasema anachofanya: hufa, na kifo chake ni cha urongo. Ndege na mijusi wengi hufuata kitu kinachotikisika, na kisichotikisika huwapotea machoni. Aliyempa mdudu huyu jina alikaa akamtazama kwa makini, kama nyanya alivyofanya.

Ni yupi mwenye ndugu wengi zaidi? Aina za vipepeo zilizokwisha kupewa majina duniani ni takriban 18,000. Za mbawakawa ni takriban 400,000. Zipange foleni aina zote za wanyama zinazojulikana, kuanzia tembo hadi konokono, na karibu kila wa nne atakuwa mbawakawa. Vipepeo wa Kenya waliorodheshwa na Torben Larsen katika kitabu chake cha mwaka 1991, nao ni karibu aina 900. Wengi wa hao ni wa misitu ya magharibi mwa nchi, ile iliyobaki.

Je, wajua siri ya wingi huo wa mbawakawa? Tazama mgongo wake. Wadudu wengi wanaoruka wana jozi mbili za mabawa laini. Mbawakawa aligeuza jozi ya mbele kuwa ngao mbili ngumu zinazofunga katikati kama mlango wa ghala, na jozi ya nyuma, ile ya kurukia, hukunjwa chini yake. Ndiyo maana anaweza kujipenyeza chini ya gome, ndani ya samadi, katikati ya punje za mahindi au kwenye udongo mkavu, kisha akatoka na kuruka bila bawa kuchanika. Kipepeo hawezi hilo hata kidogo. Mabawa yake ni makubwa na hayakunjiki, na akiingia kwenye ufa amekwisha.

Kipepeo naye alichagua njia nyingine. Lile vumbi linalobaki vidoleni ukimshika ni magamba madogo sana, yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae vya paa. Kila gamba lina rangi yake, na bawa moja lina maelfu ya magamba. Yakipukutika hayaoti tena. Mfundishe mtoto jambo hili mapema: kipepeo hutazamwa, hashikwi.

Je, wajua kwamba kuna kipepeo wa Afrika aliyeitangulia taa ya LED? Ni Papilio nireus, mweusi mwenye mkanda wa buluu yenye ukijani unaong'aa, anayeruka kwenye misitu na kingo za misitu hadi huku kwetu. Mwaka 2005 Peter Vukusic wa Chuo Kikuu cha Exeter na mwenzake waliandika katika jarida la Science jinsi bawa lake linavyofanya kazi. Magamba yake yana vitundu vidogo mno na rangi inayomeza mwanga kisha kuutoa upya, na chini yake kuna tabaka linaloakisi, ili mwanga utoke upande mmoja tu badala ya kupotea ndani ya bawa. Wahandisi walikuwa wametangaza taa ya muundo wa namna hiyo miaka michache tu kabla ya hapo. Kipepeo alikuwa nayo tangu zamani, akipita juu ya vichaka bila anayemtambua.

Je, wajua wanakula nini? Mbawakawa ana taya, na taya hizo hukata, hutafuna, hutoboa. Kipepeo mpevu hana taya za kutafunia. Ana mrija uliojikunja kama koili ya mbu, naye huukunjua anapofika kwenye ua. Anapotoka kwenye ganda lake mrija huo huwa vipande viwili vilivyoachana, na kazi yake ya kwanza duniani ni kuviunganisha viwe kimoja. Akishindwa, hatakunywa maisha yake yote, na maisha yenyewe kwa kawaida ni ya wiki chache.

Usidhani hunywa nekta tu. Shuka Mto Kuja mchana wa jua kali, mahali ng'ombe wanaponywea maji, utazame matope yaliyo kando. Utaona vipepeo ishirini au thelathini wametulia pamoja, mabawa wameyasimamisha, mirija imezama kwenye tope. Wengi wao ni madume. Wanatafuta chumvi, kwa sababu majani waliyokula wakiwa viwavi yana chumvi kidogo sana, na dume humpa jike sehemu ya chumvi hiyo wanapojamiiana, ikaenda kwenye mayai. Kuna wengine, wa kundi liitwalo Charaxes, wenye miili minene na mbio kali, ambao hupenda tunda lililooza chini ya mkuyu, utomvu wa mti na hata kinyesi. Watafiti huwanasa kwa ndizi zilizochacha.

Je, wajua kwamba kipepeo huonja kwa miguu? Jike akitua kwenye jani hulipigapiga kwa miguu ya mbele ili ajue kama ni mmea utakaowafaa watoto wake. Akikosea, viwavi watakufa njaa, kwani wengi hawali ila mimea michache tu.

Je, wajua kwamba hawa wawili, kwa tofauti zao zote, walilelewa kwa namna moja? Wote hupitia hatua nne: yai, kisha buu au kiwavi, kisha bundo, yaani usingizi ule mrefu ndani ya ganda, kisha mpevu. Panzi hana usingizi huo. Mtoto wake ni panzi mdogo asiye na mabawa. Ndani ya bundo sehemu kubwa ya mwili wa zamani huyeyushwa, na mwili mpya hujengwa kutokana na vishada vya seli vilivyokuwa vimehifadhiwa tangu awali. Hata hivyo si kila kitu hupotea. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliwafundisha viwavi wa nondo kuichukia harufu fulani. Wale waliofundishwa wakiwa wamekaribia kuingia usingizini waliamka wakiwa nondo, na bado walikuwa wakiikimbia harufu ileile.

Na umri je? Ukoo wa mbawakawa una takriban miaka milioni 300. Vipepeo ni wageni kwake: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 unakadiria walianza takriban miaka milioni 100 iliyopita, wakitokana na nondo walioanza kuruka mchana. Maua yalikuwa tayari yamekwisha kuenea.

Sasa njoo Rusinga.

Je, wajua kwamba kisiwa hiki cha Homa Bay, ambacho leo ni miamba, majani makavu na upepo wa ziwa, kilikuwa msitu mnene? Takriban miaka milioni 18 iliyopita hakukuwa na Ziwa Viktoria. Kulikuwa na volkano kubwa iitwayo Kisingiri, na Milima ya Gwasi unayoiona leo kutoka Mbita ni mabaki yake. Kila ilipolipuka ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi juu ya msitu uliokuwa miguuni pake, na chokaa hiyo ikahifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: matunda, mbegu, majani na wadudu, mbawakawa wakiwemo. Louis Leakey aliandika juu ya wadudu hao wa Rusinga na Mfangano mwaka 1952. Wengine walikuwa wamegeuka mawe bila kubanwa, umbo lao zima likiwa limesimama kama walivyokuwa siku walipofunikwa.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1948, Mary Leakey alikuwa ameokota kisiwani humo fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul. Mwaka 2015 nyani wa Rusinga walipewa jina jipya, Ekembo. Na mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za visiki na mizizi ya miti iliyogeuka mawe mahali pamoja na mifupa ya nyani hao. Vipimo vyao vilionyesha msitu wa joto wenye matawi yaliyoshikana juu. Kwa hiyo ukisimama Rusinga leo umesimama kwenye sakafu ya msitu, na waliokuwa wakitambaa humo wangali chini ya kiatu chako. Mimi hupatazama mahali hapo kwa heshima kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Mbawakawa hudumu zaidi maweni, na sababu ni ileile ngao yake. Bawa la kipepeo huoza au kuchanika kabla ya jiwe kulipata. Visukuku vya vipepeo ni haba duniani kote.

Je, wajua maana ya Thimlich Ohinga? Ngome hii ya mawe iko katika Kaunti ya Migori, takriban kilomita 46 kutoka mji wa Migori, na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zilijengwa bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, pengine tangu karne ya 16. Watalii huja kutazama kuta, nao wana haki. Lakini jina linazungumzia kitu kingine: kwa Kiluo *thim* ni msitu au nyika, na *lich* ni ya kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Waliopaita hivyo walikuta msitu wa kuogofya. Ukipita leo barabarani utaona mahindi na mifugo. Msitu umebaki ndani ya jina, na katika vichaka vilivyoachwa kuzunguka mawe. Humo vipepeo bado wapo.

Je, wajua kwamba vigogo wawili wa misitu ya Afrika, mbawakawa mkubwa na kipepeo mkubwa, walichorwa katika kitabu kimoja? Mbawakawa ni Goliathus goliatus. Dume hufika sentimita 10 hivi, mweusi mwenye mistari myeupe shingoni, na buu lake linaweza kufikia takriban gramu 100, zito kuliko yeye mwenyewe atakapokuwa mpevu. Kipepeo ni Papilio antimachus, mwekundu wa kutu, mwenye mabawa marefu membamba yanayoweza kuzidi sentimita 20 kutoka ncha hadi ncha. Dru Drury, mfua fedha wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimchapisha Goliathus katika juzuu la kwanza la kitabu chake mwaka 1770. Alichorwa kutokana na mdudu mmoja tu aliyeokotwa akielea mtoni Gabon. Mwaka uliofuata Linnaeus alimpa jina la kisayansi. Antimachus alitoka katika juzuu la tatu mwaka 1782, kutokana na mmoja aliyepatikana Sierra Leone.

Kuwaona hai huhitaji kwenda mbali hivyo. Goliathus yuko Kakamega, safari ya saa chache kutoka Homa Bay, katika msitu wa takriban kilomita za mraba 240 ambao ndio kipande cha mashariki kabisa cha ule msitu mkubwa wa Kongo. Antimachus utampata Uganda, kwenye misitu kama Bwindi. Wanaishi kwa vitu tofauti: yule mzito hulamba utomvu wa miti huko juu, na buu lake hukua gizani, yule mwepesi hupita juu ya matawi na kushuka kunywa kwenye matope.

Je, wajua kwamba "Nairobi fly" si nzi? Ni mbawakawa, mwembamba kama punje ya mchele, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi, na ngao zake ni fupi kama kizibao. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake, na hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya jike. Hukudhuru pale tu unapomponda juu ya ngozi: baada ya siku moja au mbili malengelenge hutokea, na ukijigusa jicho huvimba. Mpulize aondoke, kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Kumpiga kofi ndilo kosa tunalolifanya sote.

Kimulimuli? Naye ni mbawakawa. Na fukusi wa mahindi pia.

Je, wajua kwamba mdudu ambaye wakulima wengi wa Kenya walimbatiza "Osama" hakuzaliwa Afrika? Watanzania humwita dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kuvuka hadi Taveta. Gunia la mahindi analiacha likiwa unga usiolika. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamekwisha kuona ghala.

Lakini mbawakawa mwingine, wa ukoo wa fukusi, ametutendea wema mkubwa mbele ya macho yetu, na wachache wanaujua. Gugu maji lilipofunika Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, mitumbwi ilikwama Homa Bay na Kendu Bay, samaki wakaoza, meli zikashindwa kutia nanga. Kuanzia mwaka 1997 Kenya iliachilia ziwani fukusi wa aina mbili wa jamii ya Neochetina kutoka Amerika ya Kusini, nyumbani kwa gugu lenyewe. Kila mmoja ana urefu wa nusu sentimita hivi. Wapevu hukwangua jani usiku, na mabuu hutoboa mashina hadi mmea unapojaa maji na kuzama. Walizalishwa kwa maelfu, wakamwagwa juu ya magugu. Kufikia mwisho wa muongo huo eneo kubwa lilikuwa limefunguka, ingawa mvua kubwa na mawimbi navyo vilisaidia. Gugu limerudi mara kadhaa tangu hapo, kwa sababu mbolea na maji machafu ya miji bado yanaingia ziwani, na mdudu peke yake hawezi kushindana na mto unaolisha adui yake. Ukiona jani la gugu maji lenye alama ndogondogo za kahawia kama limekwanguliwa kwa ukucha, huyo ndiye kazini.

Je, wajua ni nani aliyeufanya mji wa Mbita ujulikane na wataalamu wa wadudu duniani? Thomas Odhiambo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno, Makerere na Cambridge, na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Aliamini Mwafrika anaweza kufanya sayansi ya hali ya juu nyumbani kwake, akalithibitisha. Alifariki mwaka 2003, na kituo cha Mbita, kando ya daraja la Rusinga, kinaitwa kwa jina lake.

Hapo Mbita ndipo ilipokuzwa mbinu ya vuta-sukuma. Adui ni nondo, binamu wa kipepeo, ambaye kiwavi wake hutoboa bua la hindi. Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo; harufu ya nepia humvuta. Anataga kwenye nepia, na viwavi wakijaribu kutoboa bua lake hunaswa na utomvu unaonata. Kisha likaja jambo ambalo halikutarajiwa: *kayongo*, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi kote Migori na Homa Bay, lilipungua. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kayongo kisha huzizuia kushika mizizi ya hindi, zikafa njaa ardhini. Na desmodiamu hiyohiyo ni chakula cha ng'ombe. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi bora uliotoka kwenye mwambao huu wa ziwa, na nashangaa kila nipitapo shamba ambalo bado halijaujaribu.

Je, wajua kuhusu Ruma? Mbuga hii ya Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120 hivi, ndiyo makao ya mwisho ya korongo, swala yule mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, katika Kenya nzima. Watu hushuka kumtafuta yeye. Wakiinama kidogo karibu na samadi mbichi ya nyati wataona mbawakawa wakikata vipande, wakiviviringisha au kuvizika papo hapo. Samadi hiyo ingebaki juu ya ardhi ingekauka na kuzaa nzi. Wao huishusha kwenye mizizi ya majani ambayo korongo atakula. Mwaka 2013 Marie Dacke, Marcus Byrne na wenzao walionyesha, wakiwa Afrika Kusini, kwamba mbawakawa mmoja wa aina hiyo huelekezwa usiku na utepe wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani. Walimvika kofia ndogo ya karatasi asione mbingu, akaanza kuzunguka ovyo na mzigo wake.

Kujilinda kila mmoja ana mbinu zake. Kuna mbawakawa anayechanganya kemikali mbili tumboni na kumrushia adui mvuke wa joto la karibu nyuzi 100, kwa mipigo ya haraka, na anaweza kuulenga upande anaotaka. Kipepeo Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa, anayeruka polepole kila mahali kwenye njia zetu, ana sumu aliyoipata kwenye mimea yenye utomvu mweupe alipokuwa kiwavi. Ndege aliyemla mara moja humkumbuka. Jike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, hana sumu yoyote, ila amevaa rangi zake zilezile na huachwa apite. Papilio dardanus wa misituni amezidi: dume ni manjano mwenye mikia, na majike huja kwa sura nyingi tofauti, nyingi zikiiga vipepeo wengine wenye sumu. Katika karne ya 19 wataalamu waliwaandika kama aina mbalimbali hadi Roland Trimen alipoonyesha ni familia moja.

Je, wajua kwamba kipepeo anaweza kulipa karo? Pale Gede, Kilifi, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanakijiji hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni na kuuza mabundo, yanayosafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho za ng'ambo yakatokee huko. Aliyepata fedha kutokana na jani la mti hana haraka ya kuukata. Gwasi ina miti, ina vipepeo, na ina vijana wanaotafuta kazi.

Jambo moja zaidi. Kipepeo tunamlinda kwa kupanda maua, na hiyo ni rahisi kwa sababu inapendeza macho. Mbawakawa wa msitu wa asili anahitaji kitu ambacho huku kwetu hakipewi nafasi: mti uliokufa. Kila tawi linaloanguka Gwasi hubebwa kuwa kuni au makaa kabla ya buu hata moja kulihamia. Wenye shamba la nusu ekari hawawezi kuacha kuni zote, najua, na mimi mwenyewe nimekula ugali uliopikwa kwa kuni hizo. Lakini gogo moja kwenye kona ya boma, lisilofaa mbao wala jiko, linatosha.

La nyanya bado lipo chini ya mlimau. Nenda nawe ukaliache moja kwako. Mvua ya kwanza ikinyesha, chukua tochi usiku, ligeuze polepole, utazame walio chini yake, kisha ulirudishe kama lilivyokuwa.